Jina la mama lilikuwamo, ila orodha haikupangwa

Siku ya kugawa vyakula, hapa Butembo, mama mmoja aliyekimbia vita alisimama mbele ya meza tangu saa moja asubuhi. Kijana aliyeshika orodha alifunua karatasi, akafika kwenye herufi M, akashusha kidole, akasema: "Mama, jina lako halimo." Mama akamjibu: "Papa, angalia tena. Nimeandikishwa, jetoni yangu hii hapa." Nyuma yake kulikuwa na watu zaidi ya mia. Kijana akamwomba apishe wengine.

Saa tisa alasiri, mimi na mwenzangu tuliomba kuitazama ile orodha. Tulimkuta mama yule kwenye ukurasa wa 31. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri, hata herufi moja haikukosewa. Lakini unga ulikuwa umekwisha.

Kilichotokea ni hiki. Wakimbizi walikuwa wameandikishwa katika avenyu saba, na kila avenyu ilileta orodha yake, iliyopangwa vizuri kuanzia A hadi Z. Ofisini walizibandika moja chini ya nyingine. Kwa hiyo orodha ile ilikuwa na herufi M saba, na kijana wetu alitazama ya kwanza tu. Hakudanganya. Aliona majina yanafuatana, akaamini kwamba orodha nzima imepangwa.

Shirika lenyewe silitaji, kwa sababu jambo hili si la kwake peke yake. Orodha kama hizo nimeziona penye malipo ya walimu, penye matokeo ya mitihani, hata penye fomu za kuomba bomba la maji. Na kila mara nasikia maneno yale yale: tunakosa vifaa. Mimi siamini. Orodha ile ilitoka kwenye kompyuta nzuri kabisa, ambayo ingeipanga upya kabla kijana hajamaliza kuketi.

Njia ya kutafuta jina haraka ni ya zamani. Unafungua orodha katikati. Kama jina unalotafuta liko mbele, unaacha nusu yote ya nyuma. Kama liko nyuma, unaacha nusu ya mbele. Unarudia hivyo hadi ubaki na jina moja. Kwa majina 2 000 unahitaji hatua 11 tu. Orodha ya wapigakura wa nchi yetu mwaka 2023 ilikuwa na watu karibu milioni 44. Ikiwa imepangwa vizuri, mashine inampata yeyote kati yao kwa hatua zisizozidi 26. Mmarekani John Mauchly aliieleza njia hiyo katika masomo yake mwaka 1946, wakati kompyuta moja ilikuwa inajaza chumba kizima.

Lakini njia hiyo ina sharti moja: orodha lazima iwe imepangwa kweli. Isipopangwa, mashine haitasema "sijui". Itasema "halimo", tena kwa sauti ile ile ya uhakika. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayetafuta jina moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho atachelewa, lakini atalipata. Anayetafuta haraka kwenye orodha iliyobandikwa ovyo atamnyima mtu haki yake bila kujua.

Na kupanga je? Walimu waliowahi kusahihisha mitihani wanajua. Hakuna anayepanga karatasi 1 000 peke yake kwa kulinganisha kila moja na zote zingine. Wanagawana mafungu, kila mmoja anapanga lake, halafu mafungu yanaunganishwa: unatazama karatasi ya juu ya kila fungu, unachukua ile inayotangulia, unarudia. John von Neumann aliandikia kompyuta programu ya namna hiyo mwaka 1945. Tofauti ni kubwa mno. Ukilinganisha kila jina na kila jina katika orodha ya watu 10 000, utafanya kazi karibu milioni 50. Ukigawa na kuunganisha, ni kama 130 000.

Sasa turudi kwa mama yetu. Zile avenyu saba zilikuwa tayari zimemaliza sehemu ngumu! Mafungu saba yalikuwa yamepangwa, ilibaki kuyaunganisha tu. Hata bila umeme, watu wawili na meza moja wangeyamaliza mchana mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo programu kutoka mbali halitambui. Huku kwetu, kwa Wanande, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Akina Kambale, Paluku, Masika ni wengi katika kila avenyu. Ukipanga kwa jina la kwanza tu, unapata kurasa nzima za Kambale ambao kati yao hakuna mpangilio, na utafutaji unakuwa mgumu kama mwanzo. Lazima kupanga kwa jina, kisha postinomu, kisha prenomu, na kila anayeandika afuate utaratibu huo huo. Mmoja akianza na prenomu, mtu wake amepotea. Kahindo akiandikwa Kaindo, naye amepotea. Haya hayahitaji mtaalamu kutoka Kinshasa. Yanahitaji mtu wa hapa aulizwe kabla fomu haijachapishwa.

Kwenye orodha ile ile kulikuwa na safu ya pesa za usafiri, na hapo nako kulikuwa na maneno. Watu walipewa franka za Kongo, lakini hesabu zikaandikwa kwa dola. Tuchukue mfano: kila mtu anapata franka 10 000, na dola moja inabadilishwa kwa 2 850. Hiyo ni dola 3,50877 na kuendelea. Karatasi inaonyesha 3,51. Ukiwa na watu 500 na kujumlisha zile 3,51, unapata dola 1 755. Lakini kompyuta ndani yake ilishika namba ndefu, kwa hiyo chini inaandika 1 754,39. Senti 61 zimetoka wapi? Nimeshuhudia mtunza pesa akiulizwa swali kama hilo mbele ya wenzake, kwa macho ambayo watu humtazamia mwizi. Hakuwa ameiba. Hakuna aliyekuwa ameamua mapema ni wapi namba itakatwa.

Tena kompyuta nyingi zina udhaifu mwingine ambao wenye maduka hawaambiwi. Sisi tunahesabu kwa kumi, zenyewe zinahesabu kwa mbili. Kama vile sisi tunavyoshindwa kumaliza kuandika theluthi moja, 0,3333 bila mwisho, kompyuta nayo inashindwa kumaliza kuandika sehemu moja ya kumi. Inakata mahali fulani. Ukiiambia ijumlishe 0,1 na 0,2 kwa njia yake ya kawaida, inatoa 0,30000000000000004. Ni kitu kidogo, utasema. Lakini tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora ulikuwa ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Baada ya kuwaka saa 100 bila kuzimwa, kasoro hiyo ndogo ilikuwa imefikia karibu theluthi moja ya sekunde. Kombora likapita, askari 28 wakafa.

Kwa upande wa pesa, soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake mwaka 1982 kikiwa 1 000. Kila mara kilipohesabiwa upya, namba zilizozidi tatu baada ya koma zilikatwa na kutupwa. Novemba 1983 kilisomeka karibu 524, na hesabu sahihi ilikuwa karibu 1 098. Nusu nzima ilipotea kwa kukata vipande ambavyo hakuna aliyeviona.

Dawa yake wazee wetu wanaijua. Zaire ilipoletwa mwaka 1967 iligawanywa katika makuta 100, na likuta moja katika sengi 100. Mtu alihesabu makuta mazima. Programu ya pesa nayo inapaswa kufanya hivyo: ishike senti nzima, si dola yenye mkia. Au itumie namba za desimali halisi, ambazo Cobol ilikuwa nazo tangu miaka ya 1960, na ambazo Java na Python zinazo leo. Hakuna cha kununua. Na sheria ya kukata iandikwe: senti ya karibu, au ya chini, na kinachobaki ni cha nani.

Naona kwamba anayelipwa pesa za watu kutengeneza programu ya kugawa msaada, mishahara au malipo kwa simu hapa mashariki, aulizwe maswali haya kabla ya kulipwa. Atuonyeshe jina la Kambale kati ya Kambale 300. Aingize senti kumi mara kumi mbele yetu tuone kama inatoka dola moja kamili. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa informatiki anaweza kufanya jaribio hilo, na nashangaa kwamba hawaitwi.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza katibu aliyezibandika zile orodha saba kwa nini hakuzichanganya. Ni mtu mwenye bidii, alikuwa amelala ofisini siku mbili. Alinitazama kidogo, kisha akasema: "Waliniambia nizilete pamoja. Nikazileta pamoja."