Wiki Moja ya Likizo, Watoto Wote Mkeka Mmoja

Wazazi na walezi wenzangu, shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Juni, na matangazo ya tuisheni yameshabandikwa kwenye nguzo za umeme na milango ya maduka. Kabla hamjatoa hela, nina ombi. Tengeni wiki moja tu, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa saa mbili kila siku, mkae na watoto wote wa nyumba yenu: wa awali, wa darasa la pili, wa la tano, wa kidato cha kwanza. Msiwatenganishe. Wakae mkeka mmoja, wasome pamoja.

Najua swali litakalofuata. Mimi si mwalimu, na hawa kila mmoja ana darasa lake, nitaanzia wapi? Lakini jambo hili si geni kwetu. Waliopitia chuo cha Kurani wanakumbuka jinsi mtoto anayeanza alifu alivyokaa jamvi moja na aliyekwisha kufika mbali. Mwalimu alimsikiliza mkubwa, mkubwa akamsikiliza mdogo, na masomo yakaenda. Tofauti ya umri ndiyo iliyokifanya chuo kiende, kwa sababu mwalimu mmoja asingeweza kumfikia kila mtoto peke yake.

Tena nyumba zetu zimewahi kujaribiwa. Shule za Tanzania zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto walikaa nyumbani hadi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni. Wazazi wengi walisikia kwa masikio yao, pengine kwa mara ya kwanza, mtoto anasomaje. Kisha shule zikafunguliwa, tukawarudisha watoto kwa walimu na kurudi kwenye shughuli zetu. Tulichokigundua ndani ya miezi ile hakikupaswa kuishia pale.

Siku ya kwanza iwe ya kusoma tu. Chukua kitabu cha hadithi cha darasa la pili, na kila mtoto akisome kwa sauti, hata yule wa la tano. Hiyo ndiyo njia waliyotumia watu wa mpango wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini mwaka 2010. Hawakwenda kuuliza ripoti za shule. Walikaa na mtoto barazani wakampa hadithi fupi asome. Walikuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuimaliza hadithi ya darasa la pili.

Nimemsikiliza mtoto wa darasa la nne akisoma ukurasa mzima bila kukwama, kidole kikitembea chini ya maneno. Tulipofungua ukurasa ambao hawajaufikia darasani, na picha tukaifunika kwa kiganja, kidole kikasimama kwenye neno la pili. Ule ukurasa wa kwanza alikuwa ameukariri. Si mvivu wala si mzito wa akili, ila hakuna mtu aliyepata nafasi ya kukaa naye peke yake. Darasani kwao wamejaa, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi ya umma yamefurika. Elimu bila malipo ni jambo jema, nayo imemwongezea mwalimu mzigo ambao nyumba inaweza kumpunguzia.

Na bibi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hii. Mwambie mtoto asome hadithi, kisha akiweke kitabu chini amsimulie bibi: nani alifanya nini, kwa nini, ikaishaje. Bibi ataulizia palipopindishwa kabla hata sisi tulioshika kitabu hatujang'amua. Hadithi amezisikiliza maisha yake yote.

Hesabu nazo zipo humo humo ndani ya nyumba. Ukinunua umeme wa LUKU, meseji inakuja na tokeni ya tarakimu 20. Wa awali azitafute saba zote zilizomo. Wa darasa la pili azisome nne nne huku mwenzake akibonyeza kwenye mita, na akikosea moja mita itakataa, wataanza upya bila mtu kumgombeza mtu. Wa la tano aangalie kile kilichokatwa: VAT, tozo ya umeme vijijini (REA), tozo ya mdhibiti wa nishati (EWURA), kodi ya jengo iliyoingizwa kwenye LUKU tangu 2021. Ajumlishe, atoe, aone kama hesabu inakaa. Kisha wa kidato cha kwanza agawe fedha kwa uniti na awaeleze wadogo zake uniti moja imewagharimu kiasi gani. Meseji moja imewafundisha wanne, na mkubwa amejua kodi ya jengo lao inapitia wapi. Raia wengi wazima hawajawahi kuisoma meseji hiyo hadi mwisho.

Huyo wa kidato cha kwanza anahitaji jicho la pekee. Ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, ghafla masomo karibu yote yamekuwa Kiingereza, naye amegundua kwamba akikariri ataponea mtihani. Mpe kazi ya kumweleza mdogo wake wa darasa la tano, kwa Kiswahili, kwa nini nguo zilizoanikwa zinakauka hata siku isiyo na jua. Akiweza, somo limemwingia. Akishindwa, arudi kitabuni, na safari hii atakisoma akitafuta maana. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na simu moja ya nyumbani yatosha kuvisomea kwa zamu.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri. Mtoto mkubwa anayefundisha wadogo mara nyingi ni binti, na binti huyo huyo ndiye anayeosha vyombo, anayechota maji, anayembeba mdogo. Tukimwongezea ualimu juu ya hayo yote, tumemnyang'anya likizo yake na kuiita elimu. Kwa wiki hiyo, kaka aoshe vyombo. Baba ashike mtoto mchanga. Na ndani ya zile saa mbili, nusu saa ya mwisho iwe ya binti mwenyewe, asome chake bila kuitwa. Nyumba isiyoweza kumlindia nusu saa hiyo bora isianze kabisa.

Mama lishe anayebandika supu alfajiri hana asubuhi. Yeye afanye jioni. Anayepanga chumba kimoja, kibaraza kinatosha. Msipige kengele wala msishike fimbo. Mkichoka chezeni bao, kete nazo ni hesabu. Wiki hii haichukui nafasi ya shule, na Julai kila mtoto arudi kwa mwalimu wake. Arudi na karatasi fupi kutoka nyumbani: huyu anasoma lakini haelewi, huyu kugawanya kunamshinda. Walimu wengi hawajawahi kupokea karatasi ya namna hiyo.

Na mkitandika mkeka, acheni wazi upande mmoja. Kila mtaa una mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna mtu wa kukaa naye mchana, mzazi yuko kibaruani au yuko mbali. Muiteni kwa jina, mwombeni ruhusa mlezi wake, mpeni kitabu kama wengine. Zungumzeni na majirani wiki hii, kabla shule hazijafungwa, mpange nani ana nafasi na nani ana vitabu. Jumatatu ya kwanza ya likizo, saa tatu asubuhi, au jioni kwa asiye na asubuhi, tuanze.