Mwenyeji ni Mwenye Kiwanja

Kila panapozuka mjadala kuhusu utajiri wa Malindi na Watamu, hutajwa methali moja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaoitaja wana haki ya kuitaja, kwa maana watu wa pwani hii wamepokea wageni kwa karne nyingi na wamefaidika nao. Lakini methali hiyo ina sharti ambalo wahenga hawakuona haja ya kulitamka, nalo ni kwamba mwenyeji ana nyumba yake. Mgeni hubisha hodi, mwenyeji humkaribisha, na baraka anayokuja nayo hubaki chini ya paa la mwenyeji. Katika sehemu kubwa ya ufuo wa Kilifi, kuanzia Kikambala hadi Ngomeni, sharti hilo limevunjika. Wengi wanaoitwa wenyeji wanaishi juu ya ardhi ambayo hati yake imo mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo mara nyingi haishi hapo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba pengo kati ya tajiri na maskini katika kaunti hii si la mishahara kwanza. Ni pengo la hati. Tukiendelea kulitibu kwa vibarua na misaada pekee, tutawarithisha watoto wetu pengo hilohilo.

Pengo hili lina tarehe. Ufuo huu ulikuwa ndani ya ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, ambao Waingereza walikabidhiwa kuutawala kwa makubaliano ya mwaka 1895. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyomtaka kila mwenye ardhi katika ukanda huo ajitokeze na kuthibitisha dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza. Waliokuwa na maandishi na waliozijua ofisi walipata vyeti. Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na ilijulikana kwa kulimwa, hawakuwa na njia ya kuingia katika daftari lile. Mwaka 1914, baada ya upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza kukandamizwa, Wagiriama walifurushwa kutoka mashamba yao kaskazini mwa mto Sabaki. Kisha, uhuru ulipokaribia, barua za Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, ziliahidi kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa daima. Ahadi hiyo iliwalinda wenye hati, lakini haikuwataja waliozikosa. Tangu hapo watu ambao babu zao walilima hapa kabla ya daftari kufunguliwa wameitwa maskwota.

Jina hilo limeingia hadi jikoni na shambani. Asiye na hati hujenga kwa udongo na makuti, wala si kwa kuwa hajui uimara wa jiwe. Hakuna mwenye busara atakayezika akiba ya maisha yake katika ukuta unaoweza kubomolewa kwa amri ya siku moja. Hapandi mnazi wala mwembe, kwa kuwa kwa miongo mingi wenye mashamba waliwakataza maskwota miti ya kudumu, wasije wakadai ardhi kwa hoja ya mti. Hupanda mahindi na muhogo, na mvua ikikosa hana cha kuuza wala cha kuweka benki kama dhamana, hivyo karo hukopwa kwa jirani au mtoto huacha shule. Wakati huohuo, aliye upande wa pili wa ukuta huongezewa mali na ardhi ileile hata akiwa usingizini, maana kila barabara inayotiwa lami na kila ndege inayotua Malindi hupandisha bei ya ploti yake. Utafiti wa kitaifa wa takwimu wa 2015/16 uliweka umaskini wa Kenya kwenye asilimia 36.1, na Kilifi ilikuwa juu ya kiwango hicho licha ya fahari yote ya ufuo wake. Tofauti hiyo haielezwi na uvivu wa mtu. Watu wawili hutokwa na jasho sawa, ila jasho la mmoja huangukia udongo wake.

Watakaonipinga watasema kwamba hoteli na majumba ya kifahari yanaajiri watu. Ni kweli, na si jambo dogo. Wapishi, mafundi wa makuti, watunza bustani, walinzi na wavuvi wanaouza samaki wao hotelini hulisha familia kwa kazi hizo. Hata hivyo, kazi hizo ni za msimu. Masika yanapoingia, hoteli nyingi hufunga na watu hurudi nyumbani bila mshahara. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za kimataifa hadi Agosti mosi, na miji iliyowategemea watalii ikakauka. Waliokuwa na mshahara tu walipoteza vyote, ilhali hakuna mwenye ploti aliyepoteza ploti kwa sababu watalii hawakuja. Kazi pia si kinga ya ardhi. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi vya eneo la Magarini, na mbele ya tume hiyo wakazi walilalamikia kufurushwa pamoja na mazingira ya kazi. Viwanda vilikuwapo, ajira ilikuwapo, na malalamiko ya ardhi yalikuwapo vilevile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wakipewa hati, wanauza. Wako waliouza, na kukana hilo hakumsaidii yeyote. Lakini tuulize wanauza lini. Huuza mgonjwa anapolazwa, mtoto anapofukuzwa shule kwa karo, au dalali anapofika na pesa taslimu kabla ya maji na barabara kufika. Hati ikigawiwa peke yake hubadilika kuwa fedha ya dharura. Dawa yake si kumnyima maskini hati, bali ni kumwezesha kuishi nayo. Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99, wala haimruhusu kuimiliki milele. Kwa nini familia ya Mayungu au Ngomeni isitumie mwanya huo? Mwekezaji akodi, ajenge, alipe kodi ya ardhi kila mwaka, na mkataba ukiisha udongo urudi kwa wajukuu. Kaunti ikiwapa wanakijiji mawakili na wathamini wa kusimamia mikataba hiyo, dalali atakuta meza ina watu wanaoijua bei. Pia idhini ya mume au mke kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa, ambayo Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaidai, itekelezwe kwa dhati, isibaki saini ya kupitisha tu.

Wengine watauliza juu ya walionunua kwa njia halali: je, wanyang'anywe? Hapana. Dhuluma haiondolewi kwa dhuluma. Sheria ya Ardhi ya 2012 iliweka mfuko wa makazi ambao serikali inaweza kuutumia kununua ardhi kwa ajili ya wasio na makao. Mfuko huo uanzie penye mashamba ya wamiliki wasioishi hapo na wakazi waliozaliwa, wakazaa na kuzikana papo hapo. Na kuna jambo lisilohitaji kununuliwa. Katiba inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Haki hiyo haina faida kwa mvuvi ikiwa kuta zimeziba vichochoro vya kufikia diko lake. Njia hizo zipimwe, ziandikwe kwenye ramani na zifunguliwe.

Hakuna katika haya kinachomfukuza mgeni. Mgeni anayelipa kodi kwa mwenye ardhi, na kupishana na wavuvi kwenye njia iliyo wazi, amekaribishwa kwelikweli, kwa maana anayemkaribisha anasimama kwenye kizingiti chake mwenyewe. Mwenyeji wa namna hiyo ndiye wahenga waliyemkusudia waliposema atapona.