Chatu mchanga apewe panya aliyekufa

Ndugu mfugaji, kama una kibali cha kufuga chatu (bila kibali usithubutu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haina utani), acha kumtupia panya hai. Wapo wanaosema nyoka lazima awinde. Sikubaliani nao. Panya akifungiwa na nyoka asiye na njaa, ndiye anayemng'ata nyoka, hata machoni, na kidonda huoza.

Hapa Tengeru kuna hatari nyingine: panya wa ghalani. Mahindi yakishavunwa watu huweka sumu, na aliyeila huweza kutembea siku kadhaa kabla ya kufa. Ukimnasa na kumlisha chatu, umemlisha na sumu. Fuga panya wako, wauwe bila mateso, wagandishe kwenye friza mbali na nyama ya familia.

Kumbadilisha ni uvumilivu tu. Mwache wiki moja bila chakula. Panya asizidi unene wa tumbo lake. Myeyushe barafu kwenye friji usiku kucha, kisha mfunge kwenye mfuko na umloweke katika maji ya moto yasiyounguza mkono. Usimchemshe. Chatu huhisi joto la mawindo, hivyo panya wa baridi kwake ni jiwe. Mshike kwa koleo ndefu, jioni, umtikise polepole. Akikataa, mtupe panya huyo, ujaribu tena baada ya siku 5 hadi 7. Umeme ukikatika na panya wote wakayeyuka, usiwagandishe tena.