Gitaa la Jambiani si la Sultani, na si la Freddie

Wadau, nilikuwa shamba. Nimerudi mjini na mchanga viatuni na jambo moja kooni, na nisipolitoa leo sitalala.

Nilipanda daladala la 309 kwenda Jambiani kuandika habari za mwani na kina mama wanaoulima. Habari hiyo ipo, itakuja. Lakini katika nyumba niliyofikia, kijana wa pale, ambaye jioni hufanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni, aliteremsha kutoka juu ya kabati kitu kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Gitaa. Halina nyuzi hata moja, vanishi imebabuka, ubavuni lina ufa unaoingia ukucha. Akaniambia, "Wewe mwandishi, lazima unajua. Hili la wapi, na la mwaka gani?"

Mwandishi ni mtu aliyezoea kujifanya anajua. Nikaanza kutafuta jibu papo hapo.

Kumbe swali lake halikuwa la udadisi mtupu. Kuna mwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe aliyekwishamwahidi shilingi laki tatu, kwa sharti dogo tu: akubali liandikwe kuwa limetoka nyumbani kwa Sultani. Kama Sultani mzito, basi Freddie Mercury. Na kijana anazihitaji hizo laki tatu, mdogo wake anadaiwa ada ya chuo. Kwa hiyo nilipokuwa naligeuzageuza lile gitaa mikononi nilijua kuwa neno langu moja lina bei.

Tuanze na Freddie, maana huyo ndiye rahisi. Alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, akapelekwa skuli ya bweni India, huko akapiga piano, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Sioni njia ya gitaa lake kuja kulala juu ya kabati Jambiani. Lakini ndiyo Unguja yetu ya siku hizi: kila kitu kizee ni cha Sultani au cha Freddie. Mlango, kiti, birika, na sasa gitaa. Mgeni anaweza kudhani watu wengine hatukuwahi kumiliki kitu kisiwani humu.

Na mimi sikuwa bora, naungama. Kichwani nilikwishaandika kichwa cha habari kuhusu gitaa lililopotea la taarabu, nikaliingiza na jina la Ikhwani Safaa ya 1905 ili habari inone. Nusu saa nzima niliitesa ile nadharia. Ikagoma. Taarabu ya zamani ya Unguja ni udi, ganuni, fidla, baadaye akodiani. Gitaa lililokuja kushika nafasi kwenye taarabu ni la umeme, na njia yake ilipitia Tanga, miaka ya 1960, kwa vikundi kama Black Star. Hili ni gitaa kavu la mbao. Nilichokuwa nafanya ni kile kile cha mwenye duka, ila mimi nilikuwa na majina ya heshima zaidi.

Bibi wa nyumba, aliyekuwa uani anachambua mwani, akatuita kwa ndani, "Si galatoni hilo? Galatoni la kaka yangu." Nikaruka. Jina hilo limetokana na Gallotone, magitaa yaliyotengenezwa Afrika Kusini, yakatapakaa Afrika hii mpaka jina la kampuni likawa jina la kila gitaa kavu. (Hata John Lennon wa Beatles alianzia kwenye Gallotone Champion.) Basi nikajiona nimemaliza kazi: Afrika Kusini, miaka ya 1950, twende tukale.

Lakini hapo ndipo penye mtego, maana Mswahili akisema galatoni hakutajii kiwanda. Ni kama yule anayekuambia amenunua Kiwi, ukifungua kopo unakuta dawa ya viatu ya kampuni nyingine kabisa. Jina linalotajwa na watu linakueleza watu, halikuelezi kitu. Ikabidi nirudi kwenye kitu chenyewe na kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kuhesabu.

Kichwani mwa gitaa, vile vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa saba. Vinne upande mmoja, vitatu upande wa pili, kimoja kimevunjika kishikio. Nikahesabu tena, nikamwita kijana ahesabu na yeye. "Cha akiba hicho," akasema. Hapana. Shika kile kipande cheupe kinachopitisha nyuzi zikielekea shingoni, hesabu mikato: saba. Hakuna kiwanda kinachokata njia ya uzi wa akiba.

Kisha nyuma, pale shingo inapokutana na tumbo, kulikuwa na tundu lenye skrubu nene ambayo kichwa chake ni cha pembe nne. Bisibisi haiingii, hiyo inataka ufunguo, kama wa kutilia ufunguo saa ya ukutani. Ukiizungusha shingo inainuka au inalala, na nyuzi zinapanda au kushuka.

Hayo mawili kwa pamoja yanaelekeza kaskazini kabisa. Gitaa la nyuzi saba ni gitaa la Kirusi. Limepigwa huko tangu mwisho wa karne ya 18, na ndilo walilolipiga waimbaji kama Bulat Okudzhava na Vladimir Vysotsky. Ila tusikimbie: Brazil nako wana gitaa lao la nyuzi saba, kwa hiyo hesabu ya nyuzi peke yake haitoshi. Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia tundu la katikati. Ndani, mgongoni, ilikuwepo karatasi. Wadudu wamekula nusu. Nusu iliyobaki ina herufi zile ambazo nyingine unazijua na nyingine kama zimegeuzwa nyuma mbele.

Hapa lazima niseme kitu kwa wote wenye vitu vya kale majumbani. Kijana alikuwa ameshaanza kulipiga msasa gitaa mgongoni, apake vanishi mpya ling'ae. Kama kulikuwa na muhuri au alama sehemu ile, imekwenda. Karatasi ya ndani ilipona kwa sababu moja tu, mkono wake haukupita kwenye tundu. Jamani, kabla ya msasa, piga picha. Kabla ya maji, piga picha. Uchafu unaweza kuusafisha mwakani.

Picha ya karatasi nilimpelekea mzee mmoja wa Kikwajuni, kwenye yale maghorofa ya Wajerumani Mashariki. Alisoma Muungano wa Kisovieti ujanani. Alivaa miwani, akaitazama simu yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Hii lebo ya kiwandani. Imeandikwa gitaa la nyuzi saba. Na bei hii hapa, ruble kumi na mbili na kitu." Jina la kiwanda na mji wadudu walikuwa wameshakula.

Bei ndiyo iliyotupa mwaka. Kule bei ilipangwa na serikali, ikachapwa kwenye lebo, duka halina mamlaka ya kuongeza. Na mwaka 1961 Wasovieti walibadilisha fedha zao, ruble 10 za zamani zikawa ruble 1 mpya. Ruble 12 za zamani zingekuwa ruble 1 na kopeki 20 za fedha mpya, na hakuna mtu anayetengeneza gitaa la mbao kwa bei hiyo. Kwa hiyo gitaa hili ni la 1961 au baadaye. Kuanzia 1967 bidhaa zilizofuzu huko zilianza kupewa alama ya ubora, ya pembe tano. Sikuiona, lakini kukosekana kwake hakuthibitishi kitu, bidhaa nyingi hazikuipata, na nusu ya karatasi haipo.

Mwisho wake je? Hilo karatasi haliwezi kukuambia, ila bibi anaweza. Nilirudi Jambiani wiki iliyofuata. Nikamkalia barazani, maji yamekupwa, kusi linavuma.

"Bibi, kaka yako alirudi nalo mwaka gani?"

"Mwaka, mwanangu, mimi sijui mwaka."

Kosa langu. Wazee hawaweki tarehe, wanaweka matukio. Nikauliza upya. Kabla ya mwani? Akanicheka, kilimo cha mwani pwani hii ni cha juzi, mwisho wa miaka ya 1980. Kabla ya Mapinduzi? La, kaka yake aliondoka baada ya Mapinduzi, akakaa, akarudi na koti zito na hilo gitaa. Koti lilikuja kufunikia mashine ya boti. Kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa: siku zilipofika habari kwamba Karume ameuawa, kaka yake alikuwa pale pale barazani analipiga. Aliinuka, akaliingiza ndani, na halikutoka tena kwa muda mrefu.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Basi hapo. Kati ya 1961 na 1972, lebo imetoa mwanzo, bibi ametoa mwisho, na hakuna hata mmoja angeweza peke yake.

Nilimuuliza kwa nini halikutoka. Akaendelea na kazi yake kitambo. "Siku zile mtu hasemi sana alikotoka," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Na hapa ndipo ninapogombana na huyu mwenye duka, kuliko hata uongo wake wa Sultani. Hadithi ya Sultani ni laini, mtalii anaimeza na juisi ya miwa. Ya Freddie vilevile. Lakini kuna vijana wa Kizanzibari waliopandishwa ndege miaka ya 1960 kwenda Moscow, Berlin Mashariki, Peking, Havana, wakala baridi, wakajifunza lugha, wakarudi kwenye nchi ambayo ilikuwa bado inatetemeka. Wengi wao wameshakufa. Waliobaki ukiwatembelea wanakupa chai na kukueleza habari za mpira. Vitu vyao vimo majumbani humu, na kila kimoja tunachokibandika jina la Sultani kinamfuta mtu mmoja kati yao. Sisi waandishi vijana tunashiriki, maana habari ya Freddie inasomwa na habari ya mzee wa Kikwajuni haisomwi. Nimeziandika mbili za Freddie mwenyewe. Najua ninachosema.

Kijana alinionyesha kwenye simu gitaa jingine la Lennon, la nyuzi 12, lililokutwa darini Uingereza na kuuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 2.9. "Si hadithi tu hiyo?" Siyo. Lile lilitambuliwa kwa kulinganisha mishipa ya mbao yake na picha za zamani. Fedha ile ililipwa kwa ushahidi. La Jambiani halitafika huko, nilimwambia wazi. Ni gitaa la kawaida la kiwandani, na Urusi yapo mengi.

Sikumwambia asiuze. Ada haingoji historia, na si mimi ninayedaiwa. Nilimwandikia ukurasa mmoja: tulichokiona, lebo inasemaje, bibi kasemaje, na wapi hatuna uhakika, kama vile uzi wa saba uliondolewa Moscow au Jambiani. Maana kule nako vijana wengi waliziacha nyuzi sita tu wapate kupiga muziki wa Magharibi. Bibi nimemrekodi dakika arobaini, kwa ridhaa yake, na nakala amebaki nayo mjukuu. Mwenye duka aliposikia neno Urusi alishusha bei hadi laki moja. Kijana kalirudisha juu ya kabati, anafikiri.

Wakati anafikiri, tunatafuta ufunguo. Ni wa tundu la pembe nne, mdogo, kama wa saa za ukutani za zamani. Kama kwenu kuna saa iliyokwishakufa na ufunguo wake bado upo, nipigieni, nitakuja nao Jambiani tuujaribu.