Meno ya Garsen, Kizibo cha London

Katika soko la mifugo la Garsen, Pwani ya Kenya, fahali hanunuliwi mdomo umefungwa. Mnunuzi humshika puani, akamfunua mdomo wa chini na kuhesabu meno: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutokea akikaribia miaka 2, na akipita 4 hivi yote 8 yametimia. Kisha hupapasa nundu, hubonyeza mbavu, humtembeza aone kama anachechemea. Huangalia na chapa iliyochomwa kwenye ngozi, akamwuliza dalali mnyama ni wa nani na ametoka malisho gani. Bei husubiri.

Tajiri wa Nairobi anayeshawishiwa kuweka akiba yake kwenye mvinyo mkuukuu wa Bordeaux angefaidika kusimama hapo asubuhi moja.

Kwamba mvinyo huo huzeeka vizuri ni kweli, ingawa ni mchache tu unaoweza. Ukakasi wa maganda ya zabibu hulainika polepole, miaka 20 au 30, mradi chupa ilazwe gizani kwenye nyuzi 12 au 13 na kizibo kisikauke. Kwa watu wa Pwani hili ni jambo geni kidogo, maana tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na baada ya siku chache ni siki.

Tatizo ni mnada unakouzwa. Tarehe 5 Desemba 1985, nyumba ya mnada ya Christie's ya London iliuza chupa ya mvinyo wa Bordeaux wa Lafite yenye mwaka 1787 na herufi Th.J., ikidaiwa kuwa ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Familia tajiri ya Forbes ya Marekani ililipa pauni 105,000. Chupa ikawekwa kwenye maonyesho chini ya taa. Kizibo kikakauka, kikanywea, kikatumbukia ndani. Bill Koch, tajiri mwingine wa Marekani aliyenunua chupa 4 za aina hiyohiyo, aliajiri wapelelezi, nao wakahitimisha kuwa herufi zilichongwa kwa mashine ya umeme. Jefferson alifariki 1826. Mjerumani aliyezitoa chupa hizo alikana kughushi.

Miaka ya baadaye akaja Rudy Kurniawan, aliyekuwa akichanganya mvinyo na kubandika lebo nyumbani kwake California. Alikamatwa 2012, na 2014 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Waliouziwa hawakuwa washamba. Walikuwa watu waliojigamba kuwa ndimi zao haziwezi kudanganywa.

Fahali akifunuliwa mdomo thamani yake haipungui. Chupa ikifunguliwa ili ujulikane ukweli wake, mali imekwisha. Kwa hiyo mnunuzi wa mnadani ananunua kioo, karatasi na neno la muuzaji.

Garsen nako si kwa malaika. Wapo wanaolambisha ng'ombe chumvi na kumnywesha maji ili tumbo lijae kabla ya kumpeleka sokoni, na ukame wa 2020 hadi 2023 ulionyesha jinsi mtaji wenye miguu unavyoweza kulala chini na usiinuke. Chupa haihitaji nyasi. Lakini maswali ya Garsen yanahamishika: imepitia mikono ya nani, ililazwa wapi, risiti ya kwanza iko wapi, na mbona mvinyo umeshuka chini ya shingo ya chupa? Ukishuka hivyo, hewa imeingia.

Mnunuzi wa chupa akiridhika na majibu, bado hesabu inamngoja. Juu ya bei iliyogongewa nyundo mnadani kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi zaidi ya asilimia 20, kisha usafiri, bima na ushuru. Halafu kuna kontena lisilo na ubaridi bandarini Mombasa: siku chache za joto huweza kuufurisha mvinyo ukasukuma kizibo, ukaanza kuvuja chini ya kofia ya chupa.