Likizo ya Idd na visa vya upelelezi



Mwaka huu Idd el-Adh-ha imeangukia katika likizo ya Juni, na huku kwetu Urambo maana yake ni kwamba watoto wako nyumbani, baridi ya alfajiri ni kali, tumbaku iko sokoni na fedha kidogo zimeingia mikononi mwa watu. Kwa hiyo vibanda umiza vimejaa. Tangu adhuhuri hadi usiku milio ya risasi za filamu inasikika mpaka barazani kwa msikiti, na yule anayezitia maneno ya Kiswahili hutusindikiza kila tunapokwenda kuswali alasiri. Wazazi kadhaa wametujia kuuliza kama wawafungie watoto ndani. Sisi tunaona kuwa mtoto aliyefungiwa bila ya kupewa la kufanya atatafuta dirisha. Apewe kisa kilicho bora kuliko cha kibandani. Na visa tunavyovipendekeza kwa likizo hii ni vya upelelezi, kwa sababu ambayo haihusu burudani peke yake.

Wapo masheikh wetu wasiovipenda kabisa vitabu vya hadithi, wakiviita upuuzi wa kupotezea wakati. Tunawaheshimu, na zipo riwaya ambazo sisi wenyewe haziruhusiwi kuvuka kizingiti cha nyumba yetu. Hata hivyo, aliyeisoma Suratu Yusuf kwa mazingatio hawezi kusema kuwa uchunguzi wa jinai ni jambo geni kwa Muislamu. Katika sura ile kanzu zinatoa ushahidi. Ndugu wanamjia baba yao usiku wakilia, wameshika kanzu yenye damu ya uongo, na wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Yaaqub (amani iwe juu yake) aliistaajabia: ni mbwa mwitu gani huyo, amle mtu na asiichane nguo yake? Baadaye, huko Misri, linazuka shitaka la mke wa mkubwa, na shahidi kutoka katika jamaa za mwanamke mwenyewe anatoa kipimo. Itazamwe kanzu imechanika upande gani: ikiwa ni mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa ni nyuma, amesema uongo. Ikaonekana imechanika nyuma.

Tunachopenda watoto wakitazame zaidi ni kile kinachofuata, ambacho wasomaji wengi hukipita haraka. Dalili zilikuwa wazi mbele ya macho ya wakubwa, na bado mtu asiye na kosa akatiwa gerezani, akakaa humo miaka.

Tuseme basi kwa nini jambo hili linatugusa. Tunaishi katika ukanda ambao bibi kizee aliyepikia kuni maisha yake yote, macho yakawa mekundu kwa moshi, anaweza kukatwa mapanga kwa sababu ng'ombe wa jirani amekufa au mtoto amepata degedege. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, pamoja na huu wetu wa Tabora, imezika vikongwe kwa sababu hiyo, na hakuna asiyejua. Ndugu zetu wenye ualbino nao wameuawa na kukatwa viungo. Wakiingia kijijini lambalamba, ambao wengine huwaita kamchape, watu wazima wenye akili zao huwachangia fedha ili waoneshwe mchawi ni nani. Hakuna anayewauliza wamejuaje, nani aliona, na siku hiyo huyo mtuhumiwa alikuwa wapi. Sihri ipo, Qur'ani imeitaja; lakini kuwepo kwa sihri si dalili kuwa bibi fulani wa nyumba ya tatu ndiye aliyeifanya. Na kijana atakayegongewa mlango usiku miaka kumi ijayo ili ashike panga, leo yuko darasa la tano na yuko likizo.

Ndiyo maana kitabu cha kwanza katika orodha yetu ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya bwana afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Kisa hiki kilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, kikachapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali panapoaminiwa kuwa pa mizimu, na pahala penyewe tu panatosha kuwatia watu hofu wasiulize zaidi. Bwana Msa anauliza. Si polisi, hana bastola, hapigani na mtu. Anakaa na kiko chake, anafikiri, anamchosha rafiki yake Najum kwa maswali, mpaka inadhihirika kuwa mwuaji ni mwanadamu mwenye sababu za kibinadamu. (Kiko hatukipendekezi.) Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 nacho kimechukua jina ambalo Unguja hutajwa panapozungumzwa habari za wachawi, na mwandishi analitumia makusudi ili kutupima. Wakivimaliza hivyo, vipo Duniani Kuna Watu cha 1973 na Siri ya Sifuri cha 1974. Kiswahili chake ni cha Unguja, kizito kwa mtoto aliyekulia Kinyamwezi, na atahitaji kamusi pembeni. Tunaona hiyo ni faida ya pili.

Wasiopenda hadithi za kubuni wawasimulie watoto wao kisa cha kweli kilichopita katika njia yetu hii ya misafara. Mwaka 1873 mmisionari David Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, yaani Tabora, Mwingereza Cameron aliyekuwa hapo aliwashauri wauzike, wakakataa. Mbele ya Tabora wenyeji walipozuia maiti isipite, waliufunga mwili kama mtumba wa nguo, na wenzao wakarudi na mzigo wa bandia kana kwamba wanakwenda kuzika. Mtumba ukapita. Ulipofika London mwaka 1874 ilibidi ithibitishwe kuwa huyo ndiye, na daktari hakutazama uso. Alitazama mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka thelathini kabla na ambao haukuunga vizuri. Wale wapagazi walitembea miezi mingi wakiwa na ushahidi ndani ya mzigo wao.

Kwa mambo ya karibu zaidi, tuna la msikitini kwetu. Siku ya pili ya Idd tulihesabu ngozi za udh-hiya zilizotolewa kwa ajili ya madrasa. Daftari lilionesha ngozi 31. Stoo zilikuwamo 29. Bei ya ngozi siku hizi ni ndogo mno, lakini kabla ya adhuhuri watu watatu walikuwa wamekwisha kumwita mwizi kijana yatima anayetusaidia kuzitia chumvi, na mmoja alikuwa ameanza kukumbuka kwamba marehemu baba yake naye hakuwa mtu wa kuaminika. Kamati ikakaa chini na daftari. Tukasoma mstari kwa mstari: nani aliileta, saa ngapi, nani aliipokea. Wapokeaji walikuwa wawili, na hati zao zilitofautiana. Familia mbili zilikuwa zimeandikwa mara mbili, mara kwa jina la baba mwenye nyumba, mara kwa jina la mtoto aliyetuma fedha za mbuzi kutoka Dar es Salaam. Ngozi zilikuwa 29 tangu mwanzo. Mtume (rehma na amani zimshukie) ametufundisha kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Wale watatu walikuwa wamemtaka kijana ndiye athibitishe kuwa hakuiba.

Tukirudi kwenye mambo ya kutazama: kwa familia zenye televisheni, filamu moja tunaiweka juu ya zote, nayo ni 12 Angry Men ya Marekani ya mwaka 1957. Haina rangi, haina risasi, haina mwanamke aliyevaa vibaya wala kukimbizana kwa magari. Raia kumi na wawili, mfano wa wazee wa baraza katika mahakama zetu, wamefungiwa chumbani siku ya joto waamue kama kijana amemchoma baba yake kisu. Kumi na mmoja wanasema ameua. Mmoja anasema hana hakika, na anaomba wazungumze. Basi wanaanza kupima: mzee anayechechemea anawezaje kufika mlangoni kwa sekunde kumi na tano? Mwanamke aliyeona tukio kupitia madirisha ya treni iliyokuwa ikipita, alikuwa amevaa miwani usiku ule? Sisi tunaolala karibu na reli ya Kigoma tunajua treni inavyofanya mtu asisikie hata anayemwita kwa jina. Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo kaka au dada wa sekondari akae mbele awatafsirie wadogo. Dakika zake ni tisini na sita tu, na mafundi wa kurekodi filamu kwenye flashi wanaweza kuitafuta.

Tamthilia ya Columbo, ya miaka ya 1970, ina utaratibu wa ajabu: mtazamaji anamwona mwuaji tangu mwanzo, na kazi yote ni kuona jinsi mpelelezi mwenye koti lililochakaa atakavyomfikia kwa vitu vidogo vidogo. Matajiri wake wanakunywa pombe mno. Mzazi awepo.

Kuhusu riwaya za kijasusi za wenzetu wa bara, tunakwenda kwa tahadhari. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, aliwafundisha vijana wa enzi zake kuwa ukombozi wa Afrika ni jambo la kufia. Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, ambaye kila akisafiri kwa treni kwenda Dar es Salaam alipita hapa kwetu, alimwumba Joram Kiango kwa kalamu yenye kasi ambayo wachache wameifikia. Ila mashujaa hao wawili wanapenda starehe, na waandishi hawakuficha. Vijana waliokwisha kuoa watajiamulia. Wa madrasa wasubiri.

Lipo jambo moja ambalo vitabu hivi vyote havisemi, na lazima liingizwe na mzazi. Mpelelezi wa kitabuni anachungulia madirisha na kufungua barua za watu. Suratul Hujurat, katika aya ya sita, inatuamrisha kuhakikisha habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, na haimalizi kurasa mbili kabla ya kutukataza dhana nyingi na kupelelezana. Binti yetu wa darasa la sita, baada ya sura mbili za Bwana Msa, alianza kuandika ni nani anaingia na kutoka kwa jirani. Daftari hilo tumelikunja, na tumeisoma naye sura ile yote. Kinachochunguzwa ni tuhuma iliyoletwa, tumemwambia. Nyumba ya mtu haichunguzwi.

Nyumbani kwetu tunasoma baada ya isha, sura moja kwa usiku, kwa sauti. Kitabu kikifungwa, kila mmoja anataja anayemshuku na kueleza sababu. Anayesema anahisi tu, kura yake haiandikwi. Bibi yao, aliyekuja kutoka Usoke kula Idd na sisi, usiku wa kwanza alisema hakuna haja ya kuendelea, kwani mizimu ndiyo iliyoua na yeye ameishi muda mrefu kutosha kulijua hilo. Binti akamwuliza kwa adabu, "Bibi, nani aliona?" Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Tangu siku hiyo ameagiza kisisomwe kama yeye hajamaliza kuswali.