Mambo ya Nyumbani: Mama Anyonyeshaye Asiachwe Peke Yake

Kila mfugaji ajua ya kuwa ndama akizaliwa hunyonyeshwa maziwa ya dang'a mapema iwezekanavyo. Hakuna mwenye akili atakayeyamwaga, kwa maana ndama asiyeyapata huwa dhaifu, huharisha, na mara nyingi hufa. Lakini mtu huyo huyo, apatapo mtoto, huweza kukaa kimya huku maziwa ya kwanza ya mkewe yakikamuliwa na kumwagwa, eti ni machafu kwa kuwa yana rangi ya manjano, naye mtoto akapewa maji ya sukari. Kwa hiyo leo twawaambia akina baba wanaosoma safu hii: kunyonyesha si jambo la wanawake peke yao.

Maziwa hayo ya manjano ni machache, lakini yana kinga ya maradhi, nayo yatosha tumbo dogo la mtoto mchanga. Mtoto na awekwe kifuani pa mama yake katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Tangu hapo mpaka atimize miezi 6 asipewe kitu kingine, wala maji, hata akiwa katika joto la Mombasa au Lodwar, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Baada ya miezi 6 aanzishiwe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Dawa azipewe kwa amri ya daktari tu.

Haya yameandikwa katika kila zahanati, na akina mama wengi wayajua. Taabu haiko katika kuyajua. Taabu huja siku ya tatu au ya nne, mama akiwa amechoka, mtoto akilia usiku kucha, na jirani akisema, "Huyu hashibi, maziwa yako hayatoshi." Neno hilo limewaachisha watoto wengi kunyonya kabla ya wakati wao.

Yafaa basi tueleze jinsi maziwa yanavyopatikana. Ng'ombe asiyekamuliwa vizuri hupunguza maziwa. Akikamuliwa sawasawa huendelea kuyatoa. Mama naye ni vivyo hivyo. Kadiri mtoto anyonyavyo ndivyo mwili utengenezavyo mengine. Mtoto akipewa chupa moja ya maziwa ya kopo, hunyonya kidogo siku ile, na maziwa ya mama hupungua kesho yake. Hapo jirani huonekana kuwa alisema kweli, kumbe ni chupa iliyoleta upungufu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 kwa mchana na usiku, na kunyonya mara nyingi si dalili ya njaa isiyokwisha.

Mtaujuaje ukweli? Msitazame kilio peke yake, maana mtoto hulia kwa mambo mengi. Tazameni nepi: baada ya siku 5 za kwanza, mtoto apataye maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Kisha tazameni mizani ya kliniki. Ni kawaida mtoto kupungua uzito kidogo siku za kwanza, lakini apatapo majuma 2 hivi yapasa awe ameurudia uzito aliozaliwa nao. Asipourudia, au akikojoa kwa nadra na kulala mno pasipo kutaka kunyonya, apelekwe hospitali upesi.

Shida ya pili ni maumivu. Mama mwenye chuchu zilizopasuka huogopa kila mtoto anapoamka. Mara nyingi kosa ni jinsi mtoto alivyoshika titi. Tumbo la mtoto lielekee tumbo la mama. Kinywa kifunguke wazi. Kidevu kiguse titi. Naye ashike sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, si ncha yake tu. Titi likijaa na kuwa gumu, mama akamue kidogo kwa mkono ili lilainike, kisha amnyonyeshe. Likiwa na mahali pekundu penye joto, naye mama akashikwa na homa, aende kwa muuguzi siku ile ile, wala asiache kunyonyesha.

Sasa kuhusu maziwa ya kopo. Yana mahali pake, kama vile mama akifariki au daktari akiyaagiza. Lakini mwenye mshahara mdogo huona kopo likiisha kabla ya mwezi kuisha, akazidisha maji ili lidumu. Na maji hayo pengine hayakuchemshwa. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, ndiye aliyewaeleza madaktari wenzake ugonjwa wa kwashakoo katika miaka ya 1930 huko Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Mwaka wa 1939, mjini Singapore, alisimama mbele ya watu wakubwa akasema ya kuwa vifo vya watoto vinavyotokana na kuwadanganya akina mama juu ya maziwa ya kopo vihesabiwe kuwa ni uuaji. Ilipofika mwaka wa 1981, mataifa yalipatana juu ya kanuni za kuzuia matangazo ya namna hiyo, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka wa 2012.

Mabwana makarani mnaosimamia ofisi, nanyi mna sehemu yenu. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba majuma 2. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 yawataka waajiri kutenga mahali na wakati wa kunyonyesha au kukamua maziwa. Choo hakihesabiwi kuwa mahali pa kukamulia. Maziwa yaliyokamuliwa yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Mahali pasipo joto hukaa muda wa saa 4 pasipo kuharibika. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, maana ni rahisi kukisafisha kuliko chupa.

Baba aliye nyumbani naye ana kazi. Ateke maji, atafute kuni, ahakikishe mama amekula na kunywa, na ambebe mtoto baada ya kunyonya ili mama apate usingizi. Nyanya wa mtoto asidharauliwe. Aliwalea wengi, na mikono yake yahitajiwa. Aambiwe kwa heshima, "Mama, muuguzi ametuagiza tusimpe maji, tusaidie tuishike amri hii." Neno hilo likisemwa na mwanawe mwenyewe, litapokewa vema kuliko likisemwa na mkamwana.

Tusidhani ya kuwa haya hayawezekani. Mwaka wa 2003, katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miezi 6, ni 13 tu waliokuwa wakinyonya pasipo kupewa kitu kingine. Mwaka wa 2014 walifika 61. Lakini uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulipata 60. Basi mwendo umesimama. Waliobaki si watoto wa mama wavivu. Wengi wao ni watoto wa mama walioachwa peke yao usiku wa siku ya nne.

Juma lijalo tutaeleza habari za uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6, na sababu ya kuupika mzito.